Mkoromo Usio na Jina

Nyinyi mlionicheka wiki jana, hamjambo? Chekeni kwa akiba, maana aibu yenyewe sijaifikia.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ndiye yule fundi wa vipimo katika kliniki ya masikio, pua na koo, ambaye watu wote humwita Masikio. Nilichumbia binti wa watu, mwalimu wa udereva, na wazazi wake wakanikubali. Halafu mama mkwe, mwalimu mkuu ambaye akikohoa shule nzima hunyamaza, akaja kliniki kwa siri. Kajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, kavaa na miwani ya jua, kuja kuniambia kwamba anakoroma.

Nyumbani kwake hakuna anayelijua hilo. Nyumbani kwake anayekoroma, kwa amri ya mwalimu mkuu, ni mumewe. Maskini baba mkwe, fundi saa mpole, kahamishiwa kwenye kochi la sebuleni tangu zamani, na hulala na kibanio cha nguo puani ili asiwasumbue wenzake. Yeye mwenyewe hajawahi kusikia kitu. Akilala, hata umbebe na kochi lake umpeleke sokoni, hana habari.

Sasa harusi inakuja, mashangazi watalala chumba kimoja na mama mkwe, na mama wa watu roho juu. Nikampa kinasa sauti kidogo cha kujifunga kifuani, akalala nacho kwake, akakirudisha, nami nikamwahidi mashine ya kuzuia kukoroma kabla ya harusi. Nikamwapia kwamba siri yake nimeimeza. Naye akaniapia kwa upande wake: ikitoka nje, binti yake nimsahau.

Ndipo Daktari Mkuu aliponiita. Kampuni moja ya mito ya kulalia inafanya utafiti wa mikoromo, akasema. Tukiwapa sauti, watatupa mito ya wodi zote. Na wodi zetu mnazijua, wagonjwa walikuwa wanalalia viatu vyao.

"Toa majina, peleka sauti," akaniambia. "Bila jina si siri tena, Masikio. Ni takwimu."

Nikatoa jina. Nikatoa umri. Nikatoa hata pale mama mkwe anapofoka usingizini, "Nyoosheni mstari!" Nikapeleka, na wiki jana niliwaacha nikijipongeza kwa kazi safi.

Kazi safi! Hebu sikilizeni.

Jumapili nikaitwa kwa wakwe kupanga siku ya harusi. Baba mkwe alinipokea mlangoni, akakunja blanketi lake haraka haraka kwenye kochi.

"Kaa hapa, mkwe. Hiki ndicho chumba changu cha kulala, ila mchana tunakaribisha wageni."

"Mume wangu, utani baadaye," mama mkwe akasema. "Tuna jambo la maana."

"Tarehe, Mama," mchumba wangu akadakia. "Mashangazi wanataka kujua lini waje. Na wote wawili wanasema watalala chumbani kwako."

Mama mkwe akanitupia jicho, na mimi nikalielewa: mashine yangu ya kuzuia kukoroma iko wapi? Nikamtikisia kichwa kwamba inakuja. Redio ilikuwa juu ya kabati la vyombo, inaimba kwa sauti ya chini, hakuna aliyekuwa anaisikiliza.

Wimbo ukakatika. Sauti nzito ya mwanamume ikauliza, "Je, nyumbani kwenu kuna trekta?"

Halafu ikaja.

Nilikuwa nimeisikiliza kliniki kwa vifaa vya masikioni mara nyingi kiasi kwamba ningeitambua hata nikiwa nimezimia. Ilianza mbali, kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu. Ikapanda. Ikakatika kabisa, ukadhani mtu amekufa. Kisha ikarudi kwa filimbi nyembamba, na mwishoni midomo ikalambwa.

"Lalia mto wetu," ile sauti nzito ikasema, "uzime injini!"

Nilitoa jina, nilitoa umri, nilitoa maneno, nikasahau kwamba mkoromo wenyewe ni jina.

Labda mambo yangeishia hapo, kama si jirani wa upande wa pili wa ukuta.

"Jirani! Jirani weee! Fungulieni redio! Mkoromo wa nyumba yenu umepata kazi!"

Nikamtazama mama mkwe. Nilidhani atazimia. Kumbe simjui.

"Ala! Mume wangu!" akamgeukia mzee. "Si nimekuwa nikikwambia unakoroma? Haya, sasa nchi nzima imesikia!"

Baba mkwe akajishika pua. "Huyo ni mimi?"

"Kwani humu ndani kuna nani mwingine?"

Sauti yake haikutetereka hata kidogo. Mwalimu mkuu ni mwalimu mkuu, nawaambia.

"Lakini," baba mkwe akasema polepole, "nani amenirekodi?"

Mkononi alikuwa na kikombe cha chai, akakiweka mezani. Akanigeukia. Binti yake akanigeukia. Mama mkwe naye, bila haya, akanigeukia. Katika chumba kile mtu ambaye kazi yake ni kurekodi mikoromo ya watu alikuwa mmoja tu.

"Masikio," mchumba wangu akaniita. Kwa kawaida huniita mpenzi. Akiniita Masikio, ujue nimegonga kitu. "Ulimrekodi Baba akiwa amelala?"

"Mimi... unajua, pale kliniki... kuna utafiti..."

"Ndiyo au hapana? Usisimame katikati ya makutano."

"Mkwe!" mama mkwe akaruka. "Njoo jikoni unisaidie kuteremsha sufuria."

Jikoni hakukuwa na sufuria. Hata jiko halikuwa limewashwa. Akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Umenifanya nini?" akanong'ona.

"Mama, nilitoa jina."

"Ukatoa jina, ukaacha pua!"

"Na umri nilitoa, Mama. Na ile sehemu ya kunyoosha mstari."

"Kuna sehemu ya kunyoosha mstari?" Akashika kifua.

"Ilikuwa kwa ajili ya wodi. Wagonjwa hawakuwa na mito."

"Mto ungeniomba, ningekupa. Ningekupa yote niliyonayo. Wewe umechukua usingizi wangu." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, na nikaona macho yake yamelowa. "Nilikuja kwako nikakuambia jambo ambalo hata mume wangu halijui. Unajua ilinichukua siku ngapi kupita mbele ya ule mlango wenu bila kuingia?"

Hapo, ndugu msomaji, niliona aibu ya kweli. Si ile ya kuchekwa, ile ya kukosa pa kuweka mikono.

"Nisamehe, Mama."

"Msamaha baadaye." Akavaa miwani, akawa mwalimu mkuu tena. "Mkoromo ule ni wa mume wangu. Umenielewa? Ukifungua kinywa kusema vingine, harusi hakuna, na hiyo mashine yako uivae mwenyewe."

Nikarudi sebuleni nikiwa nimebanwa kotekote. Kujitetea siwezi, maana nikijitetea nimemtangaza mgonjwa wangu mara ya pili. Kunyamaza siwezi, maana binti amekunja mikono anasubiri.

"Ni kweli, Baba," nikasema. "Ni wewe. Nisamehe."

Baba mkwe hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alinitazama kwa huzuni tu, akasema, "Ungeniuliza, mkwe. Mimi si mkali." Kisha akasimama. "Kesho naenda kwenye hiyo kampuni. Mkoromo ni wangu, wanautangazaje bila ruhusa yangu?"

Mchumba wangu alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akanitazama tena, kama dereva anayeangalia vioo vyote kabla ya kurudi nyuma.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Daktari Mkuu kabla hajavaa koti.

"Daktari, lile tangazo liondolewe. Nilidhani ni utafiti!"

"Ni utafiti," akasema. "Utafiti wa soko. Kwani kuna aliyelalamika?"

"Mwenyewe amelalamika."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye mkoromo!"

"Hawezi. Hana jina." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Tafakari, Masikio. Mgonjwa asiye na jina akilalamika, amejitaja. Akijitaja, amevunja siri yake mwenyewe. Sisi tumefanya nini?"

Nikatoka. Koridoni wagonjwa walikuwa wamekumbatia mito mipya, na kila mto una picha ya trekta.

Jioni nikapita dukani kwa baba mkwe, pale anapotengenezea saa, nikitegemea kumkuta amevimba kwa hasira. Nikamkuta anachekelea peke yake.

"Mkwe! Ingia, ingia! Nimekwenda kwao kugomba, wakanipokea kwa soda!"

"Soda?"

"Na wamenipiga picha. Wamesema tangu waanze biashara hawajawahi kupata mkoromo wenye kiwango kama changu. Picha yangu itabandikwa kwenye gari lao." Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti. "Unajua, maisha yangu yote nimekuwa naona haya kwa jambo hili. Nikialikwa safarini nasingizia kazi, nisiwanyime watu usingizi. Kumbe ni kipaji!"

Mteja akachungulia dirishani. "Trekta, saa yangu tayari?"

"Umemsikia?" baba mkwe akaninong'oneza, meno yote nje. "Wananiita Trekta."

Nikajikaza nicheke. Moyo uliniuma mpaka nikaegemea kabati la saa.

"Na Jumamosi," akaendelea, "nitakoroma mbele ya watu, pale kwenye duka la vitanda. Kwanza bila mto wao, injini iwake. Halafu na mto wao, injini izime."

"Baba, na kama... yaani, tuseme tu... usipokoroma?"

Akanishangaa. "Kwani mama yenu ni mwongo?"

Mngesema nini nyinyi?

Jumamosi barabara nzima ilikuja. Kitanda kilitolewa nje ya duka, kikawekwa juu ya jukwaa, kikatandikwa shuka jeupe. Bwana wa mito, kijana mwenye tai nyekundu na sauti ya kuuzia, akaning'iniza kipaza sauti juu ya pale pua itakapokaa. Mama mkwe alikuwa mstari wa mbele na walimu wake wote, ametulia kana kwamba yeye ndiye aliyebuni shughuli nzima. Mchumba wangu alisimama pembeni. Alikuwa hajaniita mpenzi tangu Jumapili.

Baba mkwe akavua viatu, akapunga mkono, akalala. Kulala kwake si mchezo, makofi hayajaisha, yeye keshapitiwa na usingizi.

Tukasubiri.

Kimya.

Alikuwa amelala kama mtoto aliyeshiba. Kipaza sauti kilinasa nzi mmoja aliyepita, basi.

"Injini haiwaki!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Labda asukumwe!" mwingine akaitikia, na watu wakavunjika mbavu.

Bwana wa mito akainama, akamtikisa. "Mzee! Mzee, koroma!"

"Nimekoroma?" baba mkwe akaamka, akatabasamu kwa umati.

"Hata kidogo!"

"Feki! Huyo feki!" watu wakaanza. "Rudisheni yule wa redioni!"

Lile tabasamu likamtoka usoni polepole. Akaketi ukingoni mwa kitanda na soksi zake, akawa mdogo ghafla.

"Lakini ni mimi," akasema. "Mke wangu amesema ni mimi. Na mkwe wangu ndiye aliyenirekodi. Yuko pale. Mkwe, hebu waambie."

Watu wakanipisha kama maji yanavyompisha ng'ombe. Bwana wa mito akanishika mkono, akanipandisha jukwaani, akanisogezea kipaza sauti mdomoni.

"Wewe ndiye fundi wa kliniki? Sema basi. Mkoromo ni wa nani?"

Nikamtazama mama mkwe. Hakupepesa. Nikamtazama baba mkwe, na ananitazama kama mtu anayengoja kuokolewa. Nikisema ni wake, nimemwongopea tena mbele ya watu wanaomzomea. Nikisema si wake, wataniuliza ni wa nani, na nyumba yao ina watu wangapi?

Sijui niliokota wapi ujasiri ule. Labda ulikuwa ni woga tu, umevaa nguo za ujasiri.

"Ni wangu," nikasema. "Mkoromo ule ni wangu mimi. Nilijirekodi mwenyewe."

Umati ukalipuka. Mama mkwe akashusha pumzi, nikaiona kutoka kule juu. Nikajiambia, sasa nimetunza siri, hata kama nimechelewa. Nikaanza kujisikia mtu mwema.

Hilo lilidumu mpaka bwana wa mito aliposema, "Safi! Basi panda kitandani."

"Nipande?"

"Panda ukorome!"

Baba mkwe akanipisha. Nikalala na viatu vyangu, nikafumba macho, nikavuta pumzi ndefu. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mbuzi aliyekabwa na kamba. Nikajaribu tena, nikapaliwa. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega wasianguke.

Nilipofumbua macho, mchumba wangu alikuwa juu ya jukwaa. Kainua kiganja mbele, kama anavyowasimamisha wanafunzi wake kabla hawajagonga ukuta.

"Basi. Zima," akaniambia. Akachukua kipaza sauti, akawageukia watu, na sauti ikimtetemeka kwa hasira. "Acheni kumcheka. Huyu anadanganya, na sijui anamlinda nani. Siyo wake. Mkoromo ule naujua, nimeusikia tangu nikiwa tumboni!"

Alitaka kuniokoa jamani. Nilimwona usoni, neno lilipokwisha kutoka ndipo maana yake ikamfika. Akaziba mdomo kwa mkono. Too late, mngesema nyinyi wa mjini. Mimi nilisema nimekwisha.

Mwalimu mmoja mstari wa mbele akaanza kusogeza kiti chake taratibu, mbali na mwalimu mkuu.

Baba mkwe alikuwa bado amesimama na soksi zake. Amezoea kuunganisha vitu vidogo vidogo, na hiki nacho akakiunganisha kipande kwa kipande.

"Tumboni," akasema. "Mwanangu, mimi tumboni sikuwahi kukubeba."

Hakuna aliyecheka. Akamgeukia mkewe. "Mama watoto?"

Nilijua atakimbia. Ningekuwa mimi ningekimbia. Lakini mama mkwe alisimama, akanyoosha mtandio wake, akapanda ngazi za jukwaa moja moja, akampokonya binti yake kipaza sauti. Alikishika kama anavyokishika asubuhi shuleni, na watu wazima kwenye barabara ile, wengi wao aliwafundisha kusoma, wakajikuta wamesimama wima.

"Ni mimi," akasema. "Anayekoroma ni mimi."

Akamgeukia mzee.

"Mume wangu, nimekukosea, na sina la kujitetea. Lako nitakujibu nyumbani, si hapa. Hapa kuna mtu mwingine wa kujibu."

Akageuka. Nilikuwa bado nimelala, kichwa kwenye mto wao, viatu kwenye shuka lao jeupe, sijui kama niinuke au nife.

"Wewe," akaniambia. "Nilikuja kwako nikiwa mgonjwa. Kutoa jina mnajua. Kutoa umri mnajua. Kabla ya kunipeleka redioni, uliniuliza?"

Akainama, akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

Jibu lilikuwa neno moja, na hakuna mtu pale ambaye hakulijua. Mchumba wangu alikuwa ameshika pete yangu kidoleni mwake kwa vidole viwili, hajaivua wala hajaiacha, anangoja nilitamke.